Kinywa cha Bibi Walburga

Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa ile ile kila siku. Nikiamka nilikwenda kisimani na ndoo yangu, nikarudi, nikafagia uwanja wa Bibi, kisha Mama akanipa bakuli la uji lililofunikwa kwa sahani nimpelekee Bibi kabla sijaenda shule. Nyumba ya Bibi ilikuwa nyuma ya yetu, hatua thelathini tu, na nyasi za paa lake zilikuwa bado mpya kwa sababu kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Mwaka wa sabini na nne tulihamishwa kutoka milimani, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara iendayo Mpepai, na kijiji kikapewa jina la Umoja. Mwaka uliofuata, ndio huu ninaousimulia, mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano. Jina langu ni Gertruda.

Basi naingia, namwamkia Bibi, namwekea uji mbele yake. Bibi Walburga anachovya ncha ya kidole, anailamba, anafumba macho. Halafu ananisukumia bakuli.

"Kula, mke mwenzangu," ananiambia kwa Kimatengo. Ndivyo bibi zetu wanavyotania wajukuu wao wa kike: mume wako ni babu, kwa hiyo wewe na bibi ni wake wenza. "Kula upesi, usije ukachelewa kengele."

Nami nakula. Nakula wote, nafuta bakuli kwa kidole, namrudishia Mama bakuli tupu. Mama anafurahi.

"Leo Mama amekula," anasema, akimaanisha mama mkwe wake.

"Ndiyo. Amemaliza," nasema mimi, kwa macho makavu.

Sitajitetea. Ulikuwa mwaka wa njaa, mvua zilikuwa zimetuchezea, na mahindi tuliyoyaacha kwenye ngolo, yale mashimo ya kulimia huko milimani, yaliliwa na nguruwe. Tulikula ugali wa unga wa njano wa msaada, ule watu waliouita yanga, tena kwa kipimo. Mtoto mwenye njaa akiambiwa kula, anakula. Lakini mimi nilikula chakula cha Bibi yangu tangu Pasaka mpaka kahawa ilipoanza kuiva, na kitu pekee alichokuwa akipitisha yeye kooni ni mafunda mawili matatu ya maji ya uji jioni. Na sababu ya kutokula kwake niliijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Bibi alikuwa anaoza kinywa. Nisemeje jingine? Meno yake mengi yalikuwa yamekwisha, yamebaki mashina meusi upande wa kushoto, na ufizi wa upande huo ulikuwa umevimba hadi shavu likajaa. Alijifunga kitambaa kuanzia chini ya kidevu mpaka utosini. Watu wakimuuliza, alisema ni baridi ya bondeni. Mimi usiku nililala kwake, chumba kimoja naye, nikasikia harufu, nikaona damu na usaha kwenye kile kitambaa alichonipa nikifue mtoni, mbali na wenzangu.

Siku ya kwanza nilipokiona nilisema, "Bibi, nimwambie Mama?"

Akanishika mkono. Alikuwa na mkono mgumu kwa miaka ya jembe.

"Ukisema, watanipakia kwenye lori kama babu yako Placidi. Alikwenda hospitali na tumbo, akarudi ndani ya sanduku. Mimi sitaki lori. Niapie."

Nikaapa. Nani angekataa? Aliniapisha kwa rozari yake.

Tena ilikuwepo aibu. Bibi alikuwa mwanamke wa heshima zake, hacheki bila kuziba mdomo kwa khanga. Mtu kuonwa ndani ya kinywa, tena na watu wadogo kwake, ilikuwa sawa na kuonwa akioga. Na Mama ndiyo kabisa, kwa sababu alikuwa mkwe. Katika ukoo wetu mkwe hali mbele ya mama wa mumewe, wala hamwangalii akitafuna. Mama aliingia nyumbani kwa Bibi akiwa ameinamisha uso, akaweka kuni, akatoka. Ndiyo maana chakula kilipelekwa na mimi. Na ndiyo maana hakuna aliyejua ila mimi.

Lakini mwili hausikii siri. Mwezi wa tano Bibi alikuwa amebaki mifupa. Siku moja alitoka kuota jua, Mama akamwona mkono ulioshika fimbo, akarudi jikoni akasimama tu bila kufanya kitu.

"Huyu anakula bakuli zima asubuhi na sahani jioni," akasema. "Chakula kinakwenda wapi?"

Mashavu yangu yalikuwa yamenona wakati huo, katika mwaka wa njaa. Mama hakuniangalia. Laiti angeniangalia.

Kesho yake akamwita nesi. Zahanati yetu ilikuwa na nesi mmoja, Emerensiana, msichana wa Bukoba, miaka ishirini na miwili tu, amepangiwa huku asikojua mtu wala lugha. Alikuwa mchapakazi. Watoto wachanga wa Umoja waliacha kufa kwa kuhara tangu aje, na akina mama walimpenda sana. Alikuja saa nne asubuhi, na Mama alikuwa zamu kwenye shamba la kijiji, Baba vilevile. Nikaachwa niwe mkalimani, maana Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya marahaba.

"Shikamoo, Bibi," Nesi akasema, akapiga magoti kabisa.

"Marahaba."

Akampima homa kwapani, akamwangalia macho, akamshika mapigo ya mkono, akambonyeza tumbo polepole, akamtazama miguu kama imevimba. Kisha akanigeukia.

"Muulize, anapata hamu ya kula?"

Nikauliza. Bibi akajibu kwa Kimatengo, macho yake kwenye ukuta, "Hamu ninayo, mwanangu. Njaa inanikata usiku kucha. Kinywa ndicho kinachowaka moto. Lakini wewe umeniapia."

Yaani aliusema ukweli wote, palepale, mbele ya nesi aliyesomea kazi hiyo. Palikuwa na mtu mmoja tu wa kuuvusha ukweli ule, na mtu huyo alikuwa mimi.

"Anasema anakula anashiba," nikamwambia Nesi. "Na mimi naona anakula. Anamaliza."

"Anaumwa wapi?"

Sikuuliza hata. "Magoti," nikasema.

Nesi akachukua tochi yake, akaiwasha. Akamtazama Bibi, aliyejifunika khanga mpaka puani. Akaishika tochi ile kwa muda, kama mtu anayetaka kusema neno kwa mkubwa wake na linamshinda, halafu akaizima, akairudisha mfukoni. Akasema ni uzee, mwili wa mzee hupungua. Akatupa vidonge vya vitamini, na kopo la maziwa ya unga yaliyokuwa ya watoto wadhaifu, akisisitiza tusimwambie mtu kwa sababu yalikuwa machache.

Nyumbani niliyakoroga yale maziwa kwa maji ya moto. Bibi alijaribu funda moja, akakunja uso wote, machozi yakamtoka. Akanipa kikombe. Niliyanywa nikiwa nimempa mgongo. Maziwa yalikuwa matamu, na sijawahi kuyapenda maziwa tangu siku hiyo.

Kopo liliisha, na Bibi hakuinuka tena mkekani.

Nikawa nasikia wakubwa wakizungumza. Baba yangu, Adolf, hakuwa mtu wa maneno, lakini jioni moja alikaa na Mwenyekiti wa kijiji nje ya nyumba, mimi nikichambua maharage karibu yao. Baba aliomba Bibi akifa arudishwe mlimani, azikwe kando ya Babu Placidi. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba kule hakuna tena watu, na kijiji kina makaburi yake, na hakiwezi kuanza na ubaguzi. Baba akauliza Bibi atachimbiwa upande gani wa makaburi ya kijiji, maana alikuwa hajawahi kuzika mtu wake pale. Mwenyekiti akamwonyesha kwa kidole.

Nilikimbilia nyuma ya nyumba na ungo wangu wa maharage. Nilitaka kusema, na kila nikitaka naona rozari. Tena, nisidanganye hapa kama nilivyodanganya pale, niliogopa kwa ajili yangu mwenyewe pia. Nikisema kinywa, wataniuliza chakula kilikuwa kinakwenda wapi.

Ijumaa Padre akaja kwa pikipiki, saa tisa alasiri, kumpaka Bibi mafuta na kumpa Komunyo ya mwisho. Nyumba ilijaa. Shangazi zangu wawili walikuwa wametembea kutoka Ukata. Nesi Emerensiana alikuja pia, akapiga magoti mlangoni pamoja na akina mama wengine. Mama yangu, Ida, alikaa pembeni kabisa, uso chini. Nje, wanaume wanne wa kuchimba kaburi walikuwa wameegemea majembe yao, wanangoja Baba aseme neno.

Padre akasali, akampaka mafuta kwenye paji la uso na viganjani. Kisha akainua Hostia, kile kipande chembamba cha mkate wa Komunyo. Siku hizo hakuna aliyepokea mkononi, mtu alifumbua mdomo akatoa ulimi.

"Mwili wa Kristo," Padre akasema.

Bibi hakufumbua. Akatazama ile Hostia, machozi yakaanza kumtiririka kwenda masikioni, akakaza macho, taya likatetemeka. Midomo ikaachana upana wa ukucha, akaguna kama mtu aliyechomwa, akaifunga tena.

Padre akangoja. Akarudia, "Walburga, Mwili wa Kristo."

Bibi akageuza uso ukutani.

Nyuma yangu nikamsikia shangazi yangu mkubwa akinong'ona, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunjika, "Mama amemkataa Mungu." Na mwingine akaguna. Na mwingine akafanya ishara ya msalaba. Neno hilo likawa linapita nyumba nzima, kutoka mdomo mpaka mdomo, kwamba Walburga, aliyetembea mwendo wa saa tatu kwenda Misa kila Jumapili ya maisha yake, anakufa amemkataa Mungu. Bibi hakuwa kiziwi. Alilisikia.

Ningemwacha afe, kwa woga wangu. Lakini kumwacha afe akisemwa hivyo nilishindwa.

"Hajakataa," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hawezi kufungua. Kinywa chake kimeoza. Kimeoza tangu Pasaka, kina usaha, na hali kitu. Uji nilikula mimi. Ugali nilikula mimi. Na maziwa ya Nesi nilikunywa mimi. Aliniapisha nisiseme."

Mama alinyanyua uso, akaniangalia kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, akaniangalia mashavu. Hakunipiga. Ningeona nafuu kama angenipiga. Alikaa tu, mikono mapajani, na nadhani alikuwa akihesabu mabakuli.

Nesi akapita katikati ya watu, akapiga magoti karibu na mkeka.

"Gertruda, njoo hapa. Safari hii utamwambia neno kwa neno. Mwambie: Bibi, naomba ruhusa yako niangalie kinywa chako. Mimi ni mdogo kwako, najua. Naomba."

Nikatafsiri. Bibi akanitazama mimi, hakumtazama Nesi.

"Umeniuza," akasema.

"Anasema nini?" Nesi akauliza.

"Anasema nimemuuza," nikasema.

Padre, aliyejua Kimatengo kidogo, akainama akamwambia Bibi kitu sikioni. Sijui alimwambia nini. Bibi akafumba macho, akajilegeza, na polepole sana akaachia taya. Nesi akawasha tochi, akatumia mpini wa kijiko kusogeza shavu. Harufu ikatoka, watu wa karibu wakageuka. Nesi hakugeuka. Alitazama juu, chini, kando ya ulimi, chini ya ulimi. Ulimi ulikuwa mweupe kama umepakwa chokaa, na ufizi wa kushoto umefura, na kwenye shavu kwa ndani palikuwa na kidonda ambapo shina la jino lilikuwa likichimba kila alipojaribu kutafuna.

Akazima tochi.

"Mungu wangu, huyu mtu hafi kwa uzee," akamwambia Baba. "Anakufa kwa njaa, na ndani ya nyumba mna chakula. Baba Adolf, mimi sijui kutibu hiki. Nimefundishwa kinywa cha mtoto mchanga. Nimefundishwa kusafisha kinywa cha mgonjwa asiyejitambua. Cha mzee aliyekaa mbele yangu anaongea, hakuna aliyenifundisha, na mimi sikuuliza. Lakini najua sindano ya kuzuia usaha usiende mwilini, na najua tumpeleke kwa anayejua, leo hii."

Bibi alipoelezwa hospitali alianza kulia kwa sauti ndogo. Nesi akaniambia nimwambie kwamba hakuna lori, atabebwa kwa machela, na yeye Nesi atakwenda naye na kulala chini ya kitanda chake, na kama atarudi kwenye sanduku, basi warudi wawili. Nikatafsiri hivyo hivyo.

"Mwambie ana maneno mengi," Bibi akasema.

"Anasema una maneno mengi," nikatafsiri.

Nesi akasema, "Hiyo nachukua kuwa ndiyo."

Akamchoma sindano ya penisilini. Akachemsha maji, akatia chumvi, akayapoza, akafunga kitambaa safi kidoleni akamsafisha Bibi ulimi na mashavu polepole. Kisha wale wanaume wanne wakaacha majembe ukutani, wakakata miti miwili na kuifunga blanketi, wakambeba Bibi kwa zamu. Padre alitangulia kwa pikipiki kutoa habari. Mimi nilitembea kando ya machela kama mkalimani. Hakuna aliyenisemesha njia nzima, na sikutarajia kusemeshwa.

Hospitali tulimkuta tabibu wa meno, mzee mwenye miwani, mikono yake inanuka tumbaku. Bibi akasema nimwambie mikono yake inanuka. Nilikuwa nimeshaamua kutobadilisha neno lolote maishani mwangu, kwa hiyo nikamwambia. Tabibu akacheka, akaenda kuinawa upya kwa sabuni. Alipasua jipu, akalikamua, na siku ya tatu homa iliposhuka akang'oa mashina manne. Bibi alinishika mkono ule ule alioniapishia, akanibana mpaka vidole vikafa ganzi.

Tabibu alimuuliza Nesi, "Huyu mama ulimtazama kinywani lini mara ya kwanza?"

"Ijumaa."

"Na kumpima tumbo?"

"Siku ya kwanza kabisa," Nesi akasema. Tabibu hakumgombeza. Alimwambia kwamba anawaona wengi wa namna hiyo, wazee wanaoletwa wakiwa mifupa, wamebonyezwa kila mahali, na hakuna aliyewaambia wafumbue mdomo. Akamfundisha pale pale. Aangalie midomo, ulimi juu na chini, mashavu ndani, ufizi wote. Amuulize mzee kama anatafuna upande mmoja, kama chakula cha moto kinamchoma, kama ameacha kula kitu alichokipenda. Asiyeweza mswaki asafishwe kwa kitambaa laini na maji ya chumvi, asubuhi na usiku, hata kama hana jino hata moja, kwa sababu ufizi na ulimi navyo vinaugua. Nesi aliandika yote kwenye karatasi, akauliza tena, akaandika tena.

Tuliporudi Umoja, Mama alimkorogea Bibi uji wa ulezi. Akaupeleka mwenyewe. Mimi nilikuwa uani, nikamwona akiingia, na safari hii hakutoka. Alikaa mbele ya mama mkwe wake, akamlisha kijiko kwa kijiko huku akimtazama mdomoni, na Bibi akameza. Nilisikia mlio wa kumeza nikiwa nje. Wote wawili walikuwa wanalia kwa haya, wala hawakuacha.

Bibi aliishi miaka minne zaidi. Kinywa chake nilikisafisha mimi kila asubuhi na kila usiku, hiyo ndiyo adhabu aliyonipa Baba. Lakini ilipita mwaka mzima kabla Bibi hajaniita tena mke mwenzangu. Alisema anasamehe kule kusema. Alichoshindwa kusahau ni kwamba nilipokuwa nakula uji wake sikuwahi kumuuliza, hata siku moja, kama ana njaa.

Wiki ile ile tuliyorudi, Nesi Emerensiana alikuja kunichukua shuleni kwa ruhusa ya mwalimu. Tulitembea mpaka mwisho wa kijiji bila yeye kusema neno. Tulipofika karibu na nyumba ya mwisho akasimama.

"Gertruda, sikiliza. Wewe ulificha, na kuficha ugonjwa wa mtu si kumheshimu, hata akikuapisha kwa kitu gani. Ukijua mgonjwa anaumwa wapi, sema kwa anayeweza kumsaidia, upesi, uchukiwe baadaye. Hilo ni lako. Langu ni kubwa zaidi. Mimi nilikuwa na tochi mkononi. Niliona haya kumwambia mtu mzima afungue mdomo, na nilikuwa sijui nitatafuta nini akifungua, basi nikaona rahisi kukuamini mtoto. Asiyejua aulize, hata kama ana sare nyeupe."

"Ndiyo, Nesi."

"Mwezi wa pili nilimhudumia Mzee Ildefonsi kwenye nyumba hii. Alikuwa ameacha kula. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, hivi, mpaka chini ya kidevu. Niliwaambia ni uzee. Tukamzika."

Nesi akaendelea, "Leo namwambia mjane wake. Neno kwa neno, Gertruda."

Bibi Notburga alikuwa ameketi nje anapukuchua mahindi. Tulimwamkia. Nesi akapiga magoti kwenye vumbi na sare yake, akasema kwa Kiswahili chake cha Bukoba, polepole, akisimama kila sentensi ili nitafsiri. Nikasema: Nesi anasema mumeo alipougua yeye hakumtazama kinywani. Nesi anasema anadhani, hana hakika, lakini anadhani, kwamba ugonjwa ulikuwa mle, na kwamba labda mumeo angepona. Nesi anasema haombi umwambie si kitu, kwa sababu ni kitu. Sikupunguza neno.

Bibi Notburga aliendelea kupukuchua gunzi lake mpaka likaisha. Aliliweka chini. Kisha akasema maneno machache kwa Kimatengo, taratibu.

"Anasemaje?" Nesi akauliza.

"Anasema hawezi kukusamehe leo. Huenda siku nyingine." Nikaongeza, "Na anasema jino lake la nyuma linamuuma tangu mwaka jana, hajamwambia mtu. Anasema ulete hiyo tochi yako."